Kuchagua matofali ya moto ya kubadilisha kwenye jiko la zamani la kuni: mwongozo kamili

Jiko la chuma la kuni la zamani, lile zito lenye tanuri la kuokea ubavuni na bomba la moshi linalotokea juu ya paa, ni nadra kufa kwa uzee. Kinacholiua ni tofali la ndani lililokwisha halafu likaachwa hivyo hivyo. Moto unakutana na bamba tupu, bamba linakuwa jekundu, miezi michache baadaye limepinda au limepasuka, mlango haufungi sawasawa na mkate unaungua upande mmoja huku upande wa pili ungali mbichi. Tofali linanunulika. Bamba la chuma cha kumimina la jiko lililotengenezwa Ulaya miaka 70 iliyopita hulipati tena dukani.

Majiko haya bado yanapika kila siku huku kwetu. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo vitu vizito vya namna hii vikawa rahisi kuletwa bara. Utayakuta kwenye nyumba za misheni, kwenye nyumba za zamani za reli na za serikali, na kwa watu binafsi walioyanunua wenye nayo walipohama. Mwongozo huu ni wa mwenye jiko la namna hiyo, na wa fundi atakayeitwa kulitengeneza.

Neno kubwa nililo nalo ni hili: tofali jipya lifanye kazi ile ile iliyofanywa na la zamani, kwa unene ule ule na kwa uzito unaokaribiana. Watu wengi wakianza kutafuta, swali lao la kwanza ni lipi linastahimili joto kali zaidi. Swali hilo linamaliza pesa na mara nyingi linaleta tofali lisilofaa. Nitaeleza kwa nini.

Kazi ya tofali ndani ya jiko

Tofali linakinga bamba lisipigwe na moto moja kwa moja. Hilo kila mtu analijua. Kazi ya pili haionekani kwa macho: tofali likishapata moto linaurudishia moto joto lake, chumba cha moto kinabaki kikali, na moshi wenyewe unaungua. Gesi zinazotoka kwenye kuni zinahitaji kama nyuzi 600 za Selsiasi ili ziwake vizuri. Zisipowaka zinapanda na bomba, zinaganda humo kuwa masizi mazito yenye lami, na masizi hayo ndiyo yanayokuja kushika moto siku moja bomba zima likaunguruma. Kazi ya tatu ni kupima ukubwa wa chumba. Aliyelisanifu jiko alikadiria kuni ziwe kiasi gani na moto upite wapi kwenda kuzunguka tanuri, na matofali ndiyo yanayoweka mipaka hiyo.

Moto wa kuni ndani ya jiko la nyumbani hucheza kati ya nyuzi 600 na 1,000. Tofali la kawaida la udongo wa moto, lililotengenezwa kwa udongo wenye alumina (oksidi ya alumini) ya asilimia 30 hadi 40, linastahimili zaidi ya hapo bila shida. Kwa hiyo ukiambiwa kuna tofali la nyuzi 1,600 lenye alumina ya asilimia 70, jua ni la viwanda vya chuma na vioo. Halitaharibu jiko lako, ila bei yake ni kubwa, na tofali lenye alumina nyingi hupitisha joto kwa wepesi zaidi kwenda kwenye bamba. Unalipa zaidi ili bamba lipate moto zaidi.

Hakikisha kwanza kama kweli limekwisha

Ufa mwembamba kama unywele si sababu ya kubadilisha. Karibu kila tofali la moto hupata nyufa baada ya miezi ya kupikia, na likikaa mahali pake vipande vikiwa vimebanana, linaendelea na kazi kwa miaka.

Badilisha ukiona moja ya haya: ufa unaopitisha majivu hadi unaona chuma nyuma yake; kipande kimedondoka; unene umepungua zaidi ya theluthi moja, hasa usawa wa kuni, maana hapo ndipo panapogongwa na kukwanguliwa; au uso unamomonyoka kwa kucha na kuacha mchanga kwenye kidole. Ligonge kwa sarafu. Tofali zima linalia kwa sauti kavu na kali, lililooza ndani linatoa mlio mzito uliokufa.

Kama ni moja tu limekwisha na mengine ni mazima, badilisha hilo moja. Hakuna ulazima wa seti nzima, ilimradi jipya liwe la aina ile ile na wenzake.

Angalizo kwa shule na taasisi: serikali imeagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na upo Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034. Kabla hujatumia fedha kulifufua jiko kubwa la kuni la shule, zungumza na uongozi. Pengine fedha hiyo ina mahali pengine pa kwenda.

Kulifungua jiko

Liache lipoe mchana na usiku mzima. Majivu ya miombo yanaficha makaa muda mrefu kuliko unavyodhani. Kuni za mtundu na muyombo zikishakuwa makaa zinaweza kukuunguza asubuhi ya pili. Nyunyizia majivu maji kidogo yasipeperuke, kisha yachote.

Sasa jambo la afya, na hili sitaki ulipite haraka. Majiko ya zamani mara nyingi yana kamba nyeupe au ya kijivu kwenye ukingo wa mlango, na wakati mwingine karatasi nene au ubao laini nyuma ya matofali. Kwenye majiko ya kabla ya miaka ya 1980 vitu hivyo vinaweza kuwa asbesto. Nyuzi zake zikivutwa na pumzi zinabaki kwenye mapafu na huleta saratani miaka mingi baadaye. Kamba ikiwa nzima na hujalazimika kuigusa, iache. Ikibidi itoke, ilowanishe kabisa kwa maji yenye sabuni kidogo, itoe ikiwa mbichi bila kuikwangua kwa brashi ya waya, ifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, na usiichome wala usiifagie ikiwa kavu. Watoto wasiwepo. Kwa kuiondoa kwa wingi, uliza ofisi ya mazingira ya halmashauri.

Kabla ya kutoa tofali la kwanza, piga picha kwa simu kutoka mlangoni na kutoka juu baada ya kuondoa vifuniko. Andika namba kwa chaki kwenye kila tofali: nyuma 1, nyuma 2, kushoto 1, na kuendelea. Tafuta lile linaloyafunga mengine. Kwa kawaida matofali ya ubavuni yanabana la nyuma, au kuna kipande cha chuma juu kinachoyashikilia yote. Ukilitoa hilo, mengine yanafuata bila nyundo. Vipande vilivyovunjika usivitupe. Vipange juu ya boksi la katoni vikutane kama vilivyokuwa, uchore mzingo wake. Kona zilizokatwa, mteremko upande mmoja, tundu la kupitishia hewa, vyote hivyo viliwekwa kwa sababu na vitatakiwa kwenye tofali jipya.

Majiko mengine ukiyafungua utakuta hayana matofali kabisa, yana mabamba ya chuma cha kumimina yanayobadilishwa. Ukikuta hivyo, usiweke matofali mahali pa mabamba. Chumba kitakuwa kidogo na mlango wa hewa utazibika. Tafuta fundi wa kumimina chuma akutolee bamba jingine kwa mfano wa lile la zamani.

Pima nafasi, usipime tofali peke yake

Tofali lililokaa motoni miaka 40 si la vipimo vyake vya mwanzo. Limelika, na masizi yameliongezea mahali pengine. Chuma nacho kinaweza kuwa kimepinda. Kwa hiyo pima mahali linapokaa: upana chini, katikati na juu, urefu kushoto na kulia. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote.

Kisha punguza milimita 2 hadi 3 kwa kila upande mkubwa. Chuma kikipata moto kinatanuka, kama milimita 1 kwa kila mita kwa kila nyuzi 100. Bamba la sentimita 40 likifika nyuzi 500 linaongezeka milimita 2 hivi. Tofali nalo linatanuka, ingawa kwa kama nusu ya hapo. Lakini chumba hakipati moto kwa usawa: asubuhi unapowasha, tofali linakuwa la moto sana wakati bamba la nje lingali baridi. Likiwa limebanwa, ama litapasuka lenyewe au litalipasua bamba.

Unene usiubadilishe kabisa. Utasoma unene wa asili kwenye ukingo wa chini uliofichwa na majivu, maana hapo halijalika, au kwenye mfereji wa chuma linapochomekwa. Majiko mengi ya zamani yanatumia unene wa milimita 25, 30, 32 au 38. Mtu anayeweka la milimita 64 mahali pa la 32 akidhani litadumu zaidi, anapunguza chumba cha moto pande zote, kuni zinabanana, hewa haipiti, na jiko lililokuwa likichemsha sufuria kwa upesi linaanza kutoa moshi mlangoni. Anayeweka jembamba anaiacha kuni iguse bamba.

Kata kipande cha katoni kwa vipimo ulivyopata, kiingize ndani, ukirekebishe kwa kisu mpaka kikae na kutoka bila kulazimishwa. Hiyo katoni ndiyo utakayomkabidhi fundi wa kukata.

Uzito ndio utakaokuambia aina

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, na ndipo pesa inapopotea.

Chukua tofali la zamani lililo zima kuliko mengine, likaushe, lipime kwa mizani ya dukani. Kisha zidisha urefu kwa upana kwa unene, kwa sentimita, ugawe kwa 1,000. Jibu ni lita. Gawa uzito wa kilo kwa lita hizo. Mfano: tofali la kipimo cha kawaida duniani lina sentimita 23 kwa 11.4 kwa 6.4, yaani lita 1.68. Likiwa na kilo 3.5, kila lita ina kilo 2.1. Hilo ni tofali zito la udongo wa moto. Kwa kipande kisicho na umbo, kizamishe kwenye ndoo iliyojaa maji pomoni, pima maji yaliyomwagika, halafu kianike siku kadhaa kabla ya kukitumia tena.

Kati ya kilo 1.9 na 2.3 kwa lita ni tofali zito la udongo wa moto, na majiko mengi ya zamani yana hilo. Kati ya 1.5 na 1.8 huenda mtu aliyetangulia aliweka tofali la kuchoma la kawaida. Chini ya kilo 1 ni jepesi: ama ubao wa vemikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto, unaokwaruzika na kuonyesha vichembe vinavyong'aa rangi ya dhahabu, au tofali jeupe lenye vitundu vidogo la kuzuia joto. Likifika kilo 2.8 na kuendelea, simama, nitalieleza hapa chini.

Jikoni kwenye nyumba moja ya masista hapa Tabora, msimamizi aliniletea tofali jeupe aliloagiziwa na mtu kutoka mjini.

"Fundi, angalia, limeandikwa nyuzi 1,260. La zamani halikuandikwa chochote. Si hili ndilo bora?"

Nikamwomba alishike hilo kwa mkono mmoja na kipande cha la zamani kwa mkono mwingine.

"Mbona hili jepesi kama mkate?"

"Ndiyo, Sista. Sasa chukua msumari huu, kwaruza ubavuni."

Alikwaruza mara moja tu. Msumari ukazama karibu nusu ya kucha na unga mweupe ukamwagika juu ya meza. Nikamwonyesha mrundo wa kuni za mtundu pale ukutani, vipande vinene kuliko mkono, ambavyo mpishi huvisukuma ndani saa 11 alfajiri gizani. Hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Namba ya nyuzi iliyoandikwa kwenye tofali jepesi ni ya kweli. Inasema tofali halitayeyuka wala kusinyaa kwenye joto hilo. Haisemi chochote kuhusu kugongwa na kuni, kukwanguliwa na chuma cha kuchochea, wala kuliwa na majivu. Tofali la namna hiyo ni zuri sana nyuma ya tofali zito, mahali ambapo hakuna kinacholigusa, kama jiko lina nafasi hiyo. Mbele ya kuni halifai.

Kinyume chake pia ni kweli. Jiko jipya zaidi lililokuja na mbao za vemikulaiti lilisanifiwa kwa tofali linalozuia joto. Ukiweka zito mahali pake, moto utachelewa kuwa mkali na bamba litapata joto ambalo halikukusudiwa. Jiko la vemikulaiti lirudishiwe vemikulaiti.

Vyanzo vyake, na vya kuogopa

Matofali mapya ya udongo wa moto usitegemee kuyakuta kwenye kila duka la vifaa vya ujenzi Tabora au Kigoma. Huagizwa, mara nyingi kutoka Dar es Salaam, kwa wauzaji wa vifaa vya viwandani. Sema unataka faya briki nzito, kisha uliza mambo manne: alumina asilimia ngapi, uzito wa tofali moja, vipimo kwa milimita, na kama wanayo membamba ya milimita 25 au 32. Muuzaji anayejibu uzito bila kusita anajua anachouza. Asiyejua, mwombe alipime na akutumie picha ya mizani.

Agiza moja au mawili ya ziada. Moja litavunjika njiani au litakatwa vibaya, na gharama ya kuagiza moja peke yake baadaye ni kubwa kuliko bei yake. Matofali 10 mazito ya kipimo kamili ni kama kilo 35, kwa hiyo pangia mzigo huo nauli ya basi au treni. Yasimamishwe kwa ubavu, si kulazwa, na maranda au magunia yajazwe katikati.

Ya mtumba kutoka kwenye tanuri za viwanda yana hatari moja kubwa. Yale meusi au ya kahawia iliyoiva, mazito kupita kiasi, yenye kilo 5 kwa kipimo cha kawaida, yanaweza kuwa ya magnesia na kromu kutoka kwenye tanuri za saruji au za kuyeyushia madini. Kromu hiyo ikichanganyika na joto na majivu yenye potashi hugeuka kuwa aina yenye sumu, inayoyeyuka kwenye maji na kuleta saratani. Usiyaweke kwenye jiko la chakula hata ukipewa bure. Ya rangi ya maziwa iliyoiva au njano ya udongo, yenye uzito wa kilo 3.5 hivi, yaliyotoka kwenye tanuri safi la kuokea mikate, hayo chukua.

Tofali la kuchoma la kawaida, hili tunalojengea nyumba, litakusogeza tu. Lina mchanga mwingi, na chembe za mchanga hubadilika ghafla na kutanuka likipita nyuzi 573, kila unapowasha na kila linapopoa. Likiwa na chokaa, nayo huungua na baadaye hunyonya unyevu na kuvimba. Ndiyo maana linakatika vipande ndani ya miezi. Tanuri kubwa la mikate lenye ukuta mnene linapata moto polepole na linavumilia. Tofali jembamba ndani ya jiko la chuma linapata moto kwa dakika chache. Ikibidi, chagua lililokaa katikati ya tanuri la kuchomea, limeiva hadi ndani, halina kokoto nyeupe, na linalia likigongwa.

Kujitengenezea

Njia hii naipenda, na kwa jiko lenye matofali ya maumbo ya ajabu ndiyo inayokubali. Udongo mzuri wa mfinyanzi upo Tabora na upo Kigoma. Wafinyanzi wanaujua, waulize wanachimba wapi ule wa vyungu visivyopasuka motoni.

Jaribu udongo kwanza. Finyanga kipande cha urefu wa sentimita 12, chora juu yake mstari wa milimita 100 kamili, kikaushe kivulini, kisha mwombe mwenye tanuri la matofali akiweke katikati, karibu na njia ya moto. Kikitoka kimevimba, kimepinda au uso umekuwa mweusi unaong'aa kama kioo, udongo huo haufai. Kikitoka kizima, pima mstari. Ukiwa umebaki milimita 92, unajua udongo wenyewe unasinyaa asilimia 8. Ukishauchanganya na vigae utasinyaa kidogo zaidi, kwa hiyo choma na kipande cha mchanganyiko chenye mstari huo huo, na kibao chako cha kufyatulia kiongezwe kwa kipimo cha hicho.

Kisha changanya. Sehemu moja ya udongo kwa sehemu moja na nusu hadi mbili za vigae au vipande vya tofali la moto la zamani vilivyotwangwa vikapita kwenye wavu wa mbu wa dirisha, pamoja na chengachenga kubwa kidogo za milimita 2 hadi 3. Vile vipande vya zamani ulivyoviokoa sasa vina kazi. Vigae vilishaungua na kusinyaa, kwa hiyo vinapunguza kusinyaa na kuzuia nyufa zisikimbie. Mchanga wa mtoni usitumie, kwa sababu ile ile ya nyuzi 573. Maji yawe kidogo: ukifinya konzi, bonge lishikamane bila kuchafua kiganja. Shindilia ndani ya kibao kwa mti, toa, anika kivulini wiki mbili, au zaidi kama ni wakati wa mvua, yaani Novemba hadi Aprili, kisha lichomwe katikati ya tanuri la mtu.

Kwa walio Kigoma wanaochochea jiko kwa maganda ya kokwa za chikichi: moto wake ni mkali kuliko wa kuni nyingi, na majivu ya michikichi yana potashi nyingi inayokula udongo na kuacha uso kama umepakwa kioo. Chukua tofali lililobana, lenye vitundu vichache. Dondoshea tone la maji kwenye tofali kavu. Likinywewa papo hapo, tofali hilo litanywa na potashi vivyo hivyo. Tafuta jingine.

Kukata na kupanga

Grenda yenye diski ya almasi inakata vizuri. Vumbi lake ni la silika, lile lile linaloharibu mapafu ya wachimbaji, kwa hiyo katia nje, mtu mmoja akidondoshea maji kwa chupa mbali na waya wa umeme, na vaa barakoa nzito ya vumbi na miwani. Bila grenda, chora mfereji wa milimita 3 kuzunguka tofali lote kwa tindo na nyundo ndogo, kisha zungusha ukigonga taratibu mpaka lijikate. Upande uliokatwa uangalie ukutani au chini, ule uliotoka kiwandani uangalie moto.

Kwangua kutu na masizi nyuma, chunguza bamba kama lina ufa, halafu panga makavu kwanza bila udongo wowote. Lisipoingia, lisugue kwa kipande cha tofali jingine, usilipige. Kati ya tofali na chuma weka katoni nyembamba: itaungua moto wa kwanza na kuacha nafasi ya kutanukia. Vyumba vingi vya moto vya majiko madogo havihitaji kitu kati ya tofali na tofali. Kama kuna uwazi wa zaidi ya milimita 2, ujaze kwa ujiuji wa udongo ule ule wa mfinyanzi uliochanganywa na unga laini wa tofali la moto, uliolazwa usiku mmoja. Lowanisha tofali kidogo kabla ya kupaka, na tabaka lisizidi milimita 3.

Saruji ya kawaida isiingie chumba cha moto. Kuanzia nyuzi 400 hivi kinachoishikilia huvunjika, na ikipata unyevu baadaye inakuwa unga. Wala usiyagandishe matofali kwenye chuma. Tofali la jiko linakaa kwa kubanwa na wenzake, ili siku likiisha litoke bila kuvunja kitu.

Moto wa kwanza

Acha jiko wazi siku 2 au 3 likauke, mlango na tundu la hewa vikiwa wazi. Maji yaliyonaswa ndani ya tofali yakigeuka mvuke ghafla hulipasua uso likatoa vibamba.

Siku ya kwanza washa vijiti vikavu tu kwa saa moja, kiasi kwamba unaweza kuweka kiganja juu ya bamba kwa sekunde moja au mbili. Liache lipoe lenyewe. Siku ya pili ongeza vijiti, saa mbili. Siku ya tatu weka kuni mbili nyembamba, na kuanzia ya nne pika kama kawaida. Ukiona jasho kwenye bamba la nje au kusikia mlio wa kupasuka, punguza na urudie hatua hiyo kesho yake.

Waeleze wapishi waziingize kuni kwa kuzilaza, wasizitupe, na moto usizimwe kwa maji hata mara moja. Baada ya mwezi mmoja wa kupika, fungua vifuniko vya juu jiko likiwa baridi, tazama kama tofali lolote limesogea mbele, lirudishe mahali pake, na uzibe upya nyufa za udongo zilizofunguka.